Ardhi ya Turbo na Muda wa Mwenyewe

Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka 1905, Wanandi wakasukumwa hifadhini, na nyanda za Uasin Gishu zikagawiwa walowezi. Makaburu wa msafara wa Van Rensburg waliwasili mwaka 1908. Sheria ya kikoloni ya 1902 ilikodisha ardhi kwa miaka 99; ile ya 1915 ikaongeza muda hadi miaka 999. Waliokuwa wakichunga ng'ombe huko tangu enzi za mababu hawakuandikiwa hata msimu mmoja.

Miaka hiyo 999 haikutimia hata hamsini. Kuanzia 1962, kwa Mpango wa Ekari Milioni, mashamba ya walowezi yalianza kukatwa na kugawiwa Waafrika kwa mkopo. Hatimiliki ilingoja deni liishe. Wengine walinunua kwa ushirika na kampuni. Kwenye hati, mara nyingi, liliandikwa jina moja tu: la baba.

Baba akifa, ndipo suala la muda linaporudi. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inampa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, iwapo mumewe hakuacha wosia. Shamba ni lake kwa uhai wake tu. Atalima, atavuna, atakodisha ekari mbili msimu wa mahindi. Kuuza hawezi bila idhini ya mahakama. Watoto wana haki ya kweli, ila inasubiri. Tena, kama sheria ilivyoandikwa mwanzo, mjane akiolewa haki yake ilikoma, ilhali mgane hakuwekewa sharti hilo. Hiyo ilikuwa dhuluma.

Leo mji wa Turbo, huko huko Uasin Gishu, unapanuka kando ya barabara ya Eldoret kwenda Malaba, na shamba la mahindi linakatwa vipande vya futi hamsini kwa mia. Dalali anakuja na mpima ardhi, vigingi vinapigwa, kijana anapokea arbuni ya "sehemu yake" mama akiwa hai na hati ikiwa bado na jina la marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinasema huko ni kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai.

Ewe mwenye hati yenye jina la marehemu baba yako, chukua barua ya chifu uende mahakamani Eldoret mama angali anaweza kuonyesha mipaka. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa hata shilingi, dai cheti cha uthibitisho wa mirathi.