Gitaa na Unyevu wa Pwani

Somo letu la leo lahusu gitaa, lakini si namna ya kulipiga. Twataka kujua jinsi chombo kilichozaliwa katika nchi kavu kilivyokuja kuishi katika nchi zenye unyevu, na yaliyokipata. Wewe uliyenunua gitaa kwa akiba ya miezi mingi, kisha masika yakaufutua ubao wake kama andazi, huna haja ya kuambiwa kwa nini jambo hili lastahili somo.

Gitaa la nyuzi za utumbo lilipata umbo tulijualo huko Hispania, mikononi mwa fundi Antonio de Torres. Alizaliwa mwaka 1817 upande wa Almería, mahali ambapo mvua ni haba sana, akafariki mwaka 1892. Torres alikipanua kiwiliwili cha gitaa, na ubao wake wa juu akaufanya mwembamba, milimita mbili na kitu tu. Ubao mwembamba hutoa sauti nzuri. Lakini mti, hata ukiisha kukatwa na kupigwa randa, haukomi kunywa maji yaliyomo hewani. Ukinywa huvimba kwa upana, wala si kwa urefu. Sasa angalia: chini ya ubao huo vimegundishwa vijiti vilivyoukatiza, navyo havirefuki. Ubao ukivimba hauna pa kwenda ila juu. Ukija ukame, ubao hunywea, na hapo ndipo upasukapo. Tena mafundi wa zamani walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, na gundi hiyo hulegea ikipata joto na unyevu pamoja.

Nyuzi nazo zilikuwa za utumbo wa kondoo, zikibadilika sauti kila hewa ibadilikapo. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 utumbo ukawa adimu, kwa kuwa madaktari waliutaka kwa kushonea majeraha. Ndipo Albert Augustine, fundi wa New York, akajaribu nyuzi za nailoni. Mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akazikubali, na nailoni ikaenea.

Kwa Afrika, dawa ya ubao ilitoka Durban. Kampuni ya Gallo, ileile iliyotoa sahani za santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, iliuza magitaa ya bei nafuu yenye jina Gallotone Champion. Mbao zake zilikuwa za plaiwudi: tabaka nyembamba zilizogundishwa, kila moja ikikatiza mwenzake, hata mti usiweze kuvimba wala kunywea upendavyo. Ndani yake palibandikwa karatasi ya ahadi kwamba halitapasuka. Gitaa la namna hiyo lilifika hata Liverpool, na yapata mwaka 1957 kijana John Lennon alikuwa nalo. Wengi wamelidharau gitaa la plaiwudi, na ni kweli sauti yake haifikii ile ya ubao mzima. Hata hivyo, kwa mtu wa pwani mwenye gitaa moja tu, mimi ningelichagua hilo bila kusita.

Mafundi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mara nyingi hupita 70. Basi usiliegemeze gitaa lako kwenye ukuta wa nje, maana ukuta hunywa mvua. Liweke ndani ya sanduku lake pamoja na vile vifuko vya chembechembe zinazonyonya maji, na kumbuka kwamba navyo hujaa. Vikijaa havifai kitu. Nyuzi za chuma zipanguse kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, kwa sababu jasho na chumvi ya bahari huleta kutu.

Kosa kubwa ni kulianika juani ili likauke. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima; jua likiilegeza gundi, daraja linaloshika nyuzi hung'oka. Ukiona nyuma ya daraja pana ufa, ujapokuwa wa kupenya karatasi moja tu, legeza nyuzi siku hiyohiyo, ukalipeleke kwa fundi.