Boti ya fibre imechakaa: rangi gani ya kununua kama makuta ni kidogo?

Ku Ziwa Kivu na ku Ziwa Tanganyika, boti nyingi ni za mbao ao za chuma. Lakini zinaonekanaka pia za fibre. Boti kama hiyo haiozi kama ubao, haishiki kutu kama chuma. Shida yake ni ngozi: ile tabaka laini ya juu, mafundi wanaiita jelikoti, yenye unene wa karibu nusu milimita tu. Jua linaikula pole pole mpaka inakuwa kama chaki. Ukipitisha mkono, mkono unabakia mweupe. Ziwa Kivu liko ku urefu wa karibu mita 1.460 juu ya bahari, na jua la milimani linachoma kuliko la pwani.

Mbele ya kwenda ku kenkayeri, kwanza kuangalia kama boti inaomba rangi kweli. Mwenye boti agongegonge boti yote na mpini wa turnavisi. Fasi yenye afya inalia wazi. Fasi yenye kuachana ndani inalia kama sanduku lenye kujaa nguo. Akanyage sakafu, asukume nyuma kule moteri inafungiwa. Kama kunabonyea ao kuna ufa, hapo inaombwa resini na kitambaa cha fibre, hapana rangi. Kuziba ufa na mastiki na kupaka juu ni kudanganya abiria, na ziwa halidanganywi.

Kama ni chaki tu, na jelikoti ingali nzito, kuna dawa ya bei ya chini kabisa: msasa laini wa maji, namba 600 na kuendelea, kisha pate ya kung'arisha magari. Wengi wanarukaka hatua hii na kununua rangi bure.

Sasa, kama rangi inahitajika, boti inagawanywa mara mbili: sehemu ya juu ya maji na sehemu yenye kukaa ndani ya maji. Hapo ndipo makuta inaokolewa ao inapotea.

Juu ya maji, rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na madirisha, inaweza kufaa. Itapauka mbio, ni kweli, lakini kuirudilia ni kazi ya siku moja. Yenye kudumu zaidi ni rangi ya sehemu mbili, yenye kuchanganywa na dawa yake ya kugandisha, kama ile ya wapaka-rangi wa magari. Lakini mivuke ya ile dawa inaharibu mapafu. Kuipuliza na pompe huku mutu amefunga kitambaa tu ku pua, hapana. Rulo na brosi, fasi ya wazi, inatosha.

Chini ya maji, rangi ya mafuta inalainika na kutoka vipande-vipande kama boti inalala majini kila siku. Kama inavutwa ku mchanga kila jioni, itavumilia kiasi. Kwa boti yenye kulala majini, heri kununua epoksi ya sehemu mbili kwa chini peke yake. Juu, epoksi ikibaki wazi kwa jua, inageuka chaki nayo. Inaombwa kufunikwa na rangi ingine. Rangi ya maji ya kuta za nyumba haina kazi hapa, hata muuzaji aapishe.

Halafu kuna ile rangi ya bei kali yenye shaba, ya kuzuia viumbe vya baharini kushika chini ya boti. Ku maziwa yetu haina lazima. Wale viumbe wenye magamba magumu wanaokaa ku boti za baharini hawapatikane mu maji matamu. Hapa ni utelezi wa mimea, na brosi ngumu inautosha. Tena ile shaba ni sumu kwa viumbe vya majini, na ku ziwa watu wanavua sambaza na ndagala, wengine wanachota humo maji ya kunywa. Ile bei iende ku epoksi.

Jambo lenye kuharibia wengi kazi ni rangi ya zamani. Dawa ya rangi ya sehemu mbili inaweza kuchemsha rangi ya mafuta iliyo chini, yote ikakunjamana. Jaribio ni rahisi: kulaza kitambaa chenye diliyani kali juu ya rangi ya zamani kwa dakika kumi. Ikilainika, ni kuikwangua yote, ao kubakia na rangi ya mafuta.

Kwa kutayarisha: kuosha na sabuni na kufuta na diliyani mbele ya msasa, juu msasa unasukuma mafuta ndani. Kisha namba 80 ao 120, macho na pua vikiwa vimefunikwa, kwa sababu vumbi ya fibre inawasha na inaumiza. Ukimwaga maji na yakateleza kama shuka moja, fasi ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta yangali.

Kipimo: boti ya mita 7 kwa 2, yenye ubavu wa sentimita 70 juu ya maji, ina karibu mita 13 za mraba ku pande zote. Litri moja inapaka karibu mita 10 za mraba mara moja. Mara mbili ni litri 3 na kidogo inabakia. Ku rangi ya sehemu mbili, kipimo cha kuchanganya kinafuatwa kama kilivyoandikwa ku mukebe, hapana kukadiria na jicho.

Rangi nyeupe inafaa kwa nje: haishiki joto, na inaonekana mbali. Kazi ianze asubuhi umande ukikauka, na iishe mbele ya mawingu ya saa nane ya mchana, zaidi sana mu musimu wa mvua. Ikisha kukauka, namba ya boti na hesabu ya abiria wenye kuruhusiwa viandikwe upya, kwa herufi kubwa, ku pande zote mbili.