Cheti cha Chuo Pekee Hakikufanyi Nesi

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, mameseji yanaanza: njoo usomee unesi, nafasi zimebaki chache, karo unalipa pole pole. Na mimi inboksi yangu inajaa swali moja: "Buda, hiki chuo ni cha ukweli?" Jibu langu huwa refu kidogo, kwa sababu linaanzia London, 1887.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na manesi kibao lakini hakuna sheria iliyosema nesi ni nani. Kila hospitali ilifunza wake kivyake na ikawapa cheti chake. Kuna mahali ulisoma mwaka mmoja, kwingine miwili, kwingine mitatu. Mgonjwa aliyelala kitandani angejuaje tofauti?

Kulikuwa na mama mmoja, Ethel Gordon Manson, aliyefanywa mkuu wa manesi pale St Bartholomew's akiwa na miaka 24 (ndio, 24, na wewe mamako bado anakuuliza utafanya nini na maisha yako). Akaolewa na daktari, akawa Bi. Fenwick, akaacha kazi, na mwaka huo huo wa 1887 akaanzisha chama cha manesi. Alichotaka ni mafunzo ya miaka 3, mtihani mmoja kwa wote, na rejista moja ya nchi nzima.

Florence Nightingale mwenyewe alipinga. Yeye alisema mtihani hauwezi kupima tabia ya mtu, na orodha haikuambii kama nesi ana huruma. Sidhani alikuwa amekosea hapo. Lakini si yeye aliyechelewesha mambo zaidi.

Hospitali ndizo zilikaza. Elewa hii: siku hizo mwanafunzi wa unesi ndiye alikuwa mfanyakazi. Aliosha, alilisha, alikesha wodini, kwa malipo kiduchu. London Hospital ilifunza kwa miaka 2, halafu ikawa inatuma manesi wake kuhudumia matajiri nyumbani kwao na faida inabaki kwa hospitali. Sasa mtu akikuambia serikali inakuja kuamua wanafunzi wako wasome muda gani na nani awatahini, utampigia makofi? Mwenyekiti wao, Sydney Holland, alipigana na hiyo rejista miaka na miaka. Watu husimulia hii stori kama ni ubishi wa manesi wawili wakubwa. Mimi naona ni stori ya doo.

Huku wakibishana, New Zealand ilipitisha sheria yake 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa nesi wa kwanza kwa rejista yao. Uingereza ilingoja mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati wodi zilijaa wasichana wa kujitolea waliofunzwa haraka haraka, na waliosomea miaka 3 wakaanza kuogopa kuchanganywa nao. Sheria ikapita Desemba 1919. Rejista ikafunguliwa 1921, na nambari 1 ni nani? Bi. Fenwick. Usidhani ni bahati, alikuwa ndani ya baraza lenyewe.

Kitu kimoja huwa kinarukwa. Baraza lilitaka silabasi iwe lazima kwa kila hospitali, lakini serikali ikakataa, ikabaki ushauri tu. Halafu 1925 mtihani wa serikali ukaanza. Na hapo mchezo ukaisha, kwa sababu shule yoyote ambayo wanafunzi wake hawangepita ule mtihani ingefunza nini tena? Hospitali ilibaki na wodi, ikapoteza neno la mwisho.

Mfumo huo ndio Waingereza walikuja nao Kenya. Hata lile neno "enrolled" ambalo manesi wetu wa cheti wamebeba miaka yote, mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1943, iliyoweka orodha ya pili ya wasaidizi chini ya wale "registered". Vita viliwaacha bila manesi wa kutosha, wakafungua mlango wa pembeni.

Yetu sisi ni Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, ya 1983. Baraza la Wauguzi ndilo linaidhinisha chuo, linakagua, linampa mwanafunzi indeksi, na ndilo linatoa mtihani wa leseni. Mimi niliacha uni na hakuna mtu wa serikali aliyeniuliza kama najua kushika kamera. Nikikosea, video inaflopu. Nesi akikosea dozi ni mtoto wa mtu.

Kwa hivyo chuo kikikuambia idhini "iko njiani," hesabu vizuri. Utasoma miaka 3, utalipa, watakupa cheti kizuri chenye muhuri, na bila indeksi hukalii ule mtihani. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwa tovuti ya Baraza. Angalia jina la chuo na pia kozi yenyewe, kabla mzee hajauza ng'ombe.