Mwarobaini: dawa ya wadudu iliyo uani

Mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi, wajulikana sana hapa Pwani kwa kutibu homa. Walakini mbegu zake, ambazo wengi wetu huzifagia na kuzitupa, ni dawa ya wadudu wa shambani.

Mwaka 1959 nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakimaliza miti yote ila mwarobaini. Siri ni azadiraktini, ambayo huwa nyingi zaidi ndani ya kokwa. Haiui papo hapo: humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kiwavi kujivua ngozi, asikue.

Anika mbegu kivulini, zibangue, twanga gramu 500 za kokwa, kisha loweka usiku kucha katika lita 10 za maji. Chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyizia sukumawiki au kunde jioni, maana jua huidhoofisha. Usiweke akiba, tumia siku hiyo hiyo, na urudie baada ya wiki.

Tahadhari: mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kamwe. Yamewahi kuua watoto wachanga.