Avenue Patrice Lumumba mu Bukavu: nyumba na watu wake

Mgeni akifika Bukavu anauliza: nani alijenga hizi nyumba za mviringo? Jibu fupi ni Wabeleji. Lakini sisi tunataka jibu refu kidogo, maana waliobeba matofali hawakuwa Wabeleji.

Toka 1927 wakoloni waliita mji wetu Costermansville, kwa ajili ya mkubwa wao Paul Costermans; jina la Bukavu likarudi miaka ya 1950. Barabara inayotoka Nyawera kwenda Labotte (botte ni buti, na ile rasi kweli inafanana na buti mu ziwa) iliitwa Avenue Royale, njia ya mfalme. Leo inaitwa Patrice Lumumba. Badiliko hilo, sisi tunalipenda.

Nyumba zake nyingi ni za miaka ya 1930 mpaka 1950, za mtindo wa art déco, uliovuma tangu maonyesho ya Paris ya 1925. Angalieni pembe: hazikatwi, zinapinda taratibu kama ubavu wa meli. Kuna madirisha madogo ya duara, mistari mirefu ya simenti inayozunguka ukuta, na baraza linaloelekea ziwa ili upepo uingie. Mwenye nyumba akiamka alifungua dirisha, akaona Kivu yote.

Sasa zungukeni nyuma. Kule kuna boyeri, kanyumba ka chumba kimoja ao viwili, dirisha dogo, hakaoni ziwa. Ndipo alilala boi na mpishi. Wengine walishuka asubuhi toka Kadutu, wakarudi jioni kwa miguu, kwani usiku Mwafrika bila karatasi hakuruhusiwa kutembea mu karitie ya wazungu. Ukitaka kufahamu ukoloni, pima kwanza baraza, halafu pima boyeri.

Uhuru ulipokuja 1960, wazungu wengi waliondoka. Mwaka wa 1967, toka mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mamluki wa Jean Schramme walishika mji, na vita ikaharibu nyumba nyingi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 nalo likapasua kuta mu Bukavu. Nyumba za Labotte zimevumilia hayo yote.

Kinachozimaliza ni parseli. Bustani inakatwa vipande, kila kipande kinapandishwa etaji, ziwa halionekani tena, maji ya mvua yanakosa njia na kushuka na udongo. Hatulaumu familia yenye kutafuta pa kulala. Watu wameongezeka, na vita za vijijini zimewaleta mjini. Ila tunaomba jambo moja: kabla ya kubomoa, mtu apige picha, mbele na nyuma pia. Na kama ndani ya boyeri bado kunakaa mzee aliyezaliwa humo, aulizwe baba yake alifanya kazi gani, na alilipwa nini.