Hifadhi ya Rusizi: Historia Fupi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, pembeni mwa Bujumbura, kwa mikono miwili: Rusizi Kubwa, inayopakana na Kongo, na Rusizi Ndogo. Watu wa Kibenga, upande wa kusini wa jiji, wanaishi mbali na delta hiyo, lakini ziwa ni moja, na kiboko hana desturi ya kuomba ruhusa ya kutembea.

Mashamba yaliitangulia hifadhi. Miaka ya 1950 Wabelgiji waliupima uwanda wa Imbo, wakawagawia wakulima viwanja vilivyonyooka, nao walime pamba. Mpango huo uliitwa paysannat. Hadi leo Gihanga, katika uwanda huo, kuna vijiji vinavyotajwa kwa nambari. Baadaye mpunga ukaenea, na nyika ikazidi kusogezwa mtoni. Tembo nao walitoweka.

Mwaka 1980 serikali ya Burundi ilianzisha mbuga za taifa, pamoja na taasisi ya kuzisimamia, INCN, iliyokuja kuitwa INECN. Tangu 2014 kazi hiyo inafanywa na taasisi iliyochukua nafasi yake, OBPE. Rusizi ilipata sehemu mbili: msitu wa mikoche na delta yenye matete, viboko, mamba na ndege wengi wahamao.

Vita vilivyoanza 1993 vilifika hadi Rukoko, ndani ya hifadhi, na ulinzi ukawa kazi ya hatari. Mwaka 2000 amri mpya iliichora upya mipaka na kuishusha Rusizi kuwa hifadhi ya asili tu. Miaka miwili baadaye delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ulimwengu, hata hivyo, uliisikia zaidi kwa sababu ya Gustave, mamba mkubwa ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea kizimba asimpate.

Leo Rusizi inaitwa tena mbuga ya taifa. Ng'ombe bado huingia, na kuni bado hukatwa. Lakini ziwa lilipofurika 2021 na 2024, Gatumba, iliyo karibu na delta, ikazama na maji yakaingia nyumba za Kibenga. Atakayetaka hekta nyingine za hifadhi aeleze kwanza mto utapumulia wapi mvua zikizidi.