Nyambizi za watu wawili zilizoingia Diego Suarez

Kabla ya kuichagua bandari ya Diego Suarez kuwa shabaha, Wajapani waliichungulia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mei 1942, ndege ndogo ya nyambizi I-30 ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, kisha nyambizi yenyewe ikaikagua Mombasa kwa periskopu. Walikuwa wakizisaka manowari za Uingereza, zilizohamia Kilindini baada ya Ceylon kushambuliwa mwezi Aprili. Usiku wa Mei 29, ndege ya nyambizi I-10 ikaiona manowari kubwa Ramillies imetia nanga Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Waingereza walikuwa wameiteka bandari hiyo mwanzoni mwa mwezi huohuo kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy.

Silaha iliyotumwa ni Ko-hyoteki, nyambizi ndogo ya tani 46 yenye urefu wa karibu mita 24 na wanamaji wawili tu. Nyambizi mama iliibeba mgongoni hadi karibu na bandari. Kwenye pua ilikuwa na torpedo mbili, moja juu ya nyingine, na meno ya chuma ya kukatia nyavu zinazofunga mlango wa bandari. Ndani kulikuwa na baruti ya kuilipua isije ikatekwa. Haikuwa na injini ya kuchaji betri: umeme iliotoka nao ndio huohuo, na kwa kasi ya noti 19 ulikwisha chini ya saa moja. Tena, torpedo zikishatoka, pua hupungua uzito na kuibuka juu ya maji, adui akaiona.

Usiku wa Mei 30, nyambizi mama I-16 na I-20 ziliachia kila moja Ko-hyoteki moja. Torpedo ya kwanza iliitoboa Ramillies, ambayo baadaye ilijikokota hadi Durban kutengenezwa. Nyingine iliizamisha meli ya mafuta British Loyalty humo humo bandarini.

Luteni Saburo Akieda na mwenzake Masami Takemoto, waliokuwa katika mojawapo ya nyambizi hizo ndogo, walikwama ufukweni. Wakaiacha nyambizi, wakashika njia kwa miguu kwenda kukutana na nyambizi mama. Walipoingia kijijini kutafuta chakula, habari ziliwafikia Waingereza, nao wakauawa katika mapambano ya risasi. Wenzao wawili wa nyambizi ndogo ya pili pia hawakurudi. Usiku uliofuata, nyambizi tatu za aina hiyo ziliingia bandari ya Sydney, Australia. Moja ilinasa wavuni, waliomo wakajilipua. Kati ya hizo tatu, hakuna iliyorudi kwa mama yake.

Wahandisi walikuwa wamefikiria wavu, mlango na shabaha. Safari ya kurudi waliiachia betri. Nyambizi mama za Diego Suarez pamoja na I-10, zilizokuwa na dizeli na mafuta ya kutosha, ziligeukia Mlango-bahari wa Msumbiji, na katika Juni na Julai zikazamisha zaidi ya meli 20 za mizigo, bila kuingia bandari yoyote.